Mkaa shambani: ulishe kwanza, la sivyo utakula mazao yako

Mkuu, umeuliza kama hii bayocha, yaani mkaa wa kuchanganya na udongo, inafanya kazi kweli kwenye kichanga, na kama unaweza kuchukua chenga kwa muuza mkaa ukazimwaga tu bustanini. La kwanza, ndiyo. La pili nimelijibu kwa hasara yangu mwenyewe.

Niko Mkuranga, kwenye kichanga kile ambacho ukimwaga ndoo ya maji, ukigeuka pameshakauka. Msimu wa kwanza nilibeba viroba vinne vya chenga, nikaziponda, nikachanganya kwenye matuta ya mchicha. Wiki ya pili mchicha ukawa manjano, umedumaa, na pembeni tuta ambalo sikuliwekea kitu liko kijani. Mke wangu akaniuliza hii ndiyo mbegu mpya au nimeimwagia chumvi.

Mkaa si mbolea, mkuu. Ni ghala. Una vitundu visivyohesabika, na ukiuzika ukiwa mtupu unajijaza wenyewe kwa naitrojeni ile kidogo iliyopo, mmea unabaki na njaa. Kwa hiyo ghala lijazwe kabla ya kuingia shambani.

Siku hizi nachoma mwenyewe. Nachimba shimo la umbo la faneli, kina cha kufika magotini na kuzidi kidogo. Nawasha moto chini kwa vijiti vikavu, ukishika natandaza vifuu na magunzi ya mahindi. Hapo kazi ni macho tu: majivu meupe yakianza kuonekana juu ya makaa, ongeza tabaka jingine. Moto wa juu unaila hewa yote, wa chini hauipati, ndiyo maana unabaki mkaa badala ya kuwa majivu. Moshi mzito maana yake umejaza haraka au mali ni mbichi. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi mpaka chini kabisa. Kuna siku nilimwaga ndoo mbili nikaenda kulala, asubuhi nikakuta majivu matupu.

Kujua kama umeiva, sugua kipande vidoleni. Weusi ukitoka kwa maji peke yake, safi. Ukiacha utelezi kama wa lami unaodai sabuni, bado.

Uponde ukiwa umelowa, vumbi lake si zuri kifuani. Mimi nachanganya ndoo moja ya mkaa kwa mbili za samadi, namwagia mkojo wa ng'ombe, nafunika kwa turubai wiki nne, nageuza kila wiki. Kisha sitawanyi shamba zima, sina mkaa wa kutosha hivyo. Viganja viwili kila shimo la mahindi, udongo kidogo juu yake, ndipo mbegu.

Faida ya kwanza niliyoiona ilikuwa maji. Bamia nilizokuwa namwagilia asubuhi na jioni sasa nazimwagilia asubuhi tu. Mahindi msimu wa kwanza yalitofautiana kidogo sana, wa pili ndipo jirani akaanza kuuliza. Uzuri ni kwamba mkaa haupotei kama samadi. Kenya walifanya majaribio kwenye mahindi na soya: waliuweka mwanzoni tu, kwa wingi, na miaka 10 baadaye mavuno bado yalikuwa juu.

Ila kama udongo wako ni wa magadi, achana nao. Mkaa unapandisha pH, yaani unapunguza tindikali na kuongeza hali ya magadi, utazidi kuharibu. Unasaidia udongo wenye tindikali na kichanga kilichochoka kama changu. Mwenye mfinyanzi mweusi wenye rutuba asijisumbue pia.

Na tafadhali usikate mti kwa ajili ya hii kazi. Vifuu nilikuwa napewa bure na wakwezi. Waliponiona narudi na mkokoteni kila wiki, wakaanza kuniuzia. Sasa natumia zaidi magunzi na matawi ya mikorosho baada ya kupogolea.