Speke, Spiki au Spe-ke? Na jina lenyewe limetokea wapi

Swali la leo limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari huko Magu, Mwanza. Anasema: "Shikamoo mwalimu. Darasani kwangu tukifika kwenye wapelelezi wa Kizungu wanafunzi wote wanasoma Spe-ke kama lilivyoandikwa, mimi chuoni nilisahihishwa niseme Spiki, sasa juzi mwanafunzi kaniuliza mbona ghuba yetu hii inaitwa Speke na hakuna mtu anaiita Spiki. Ipi ni sahihi? Tuandikeje? Na hili ni jina lake yeye au la ukoo, huko kwao lipo bado?"

Marahaba mwalimu. Umeuliza maswali manne kwa mkupuo, na hilo la mwisho ndo limenikalisha mezani usiku mzima, kwa sababu hili jina ni adimu sana hata huko Uingereza kwenyewe, na ukilifuata linakotoka unakuta hata lile la matamshi linajijibu lenyewe.

Tuanze na kuandika maana hilo halina mjadala. Andika Speke. Jina la mtu halibadilishwi herufi tukishakuwa tunalichukua kutoka lugha inayotumia herufi hizihizi zetu, ndo maana tunaandika Livingstone na Stanley vilevile na hakuna kitabu makini kinachoandika Livingistoni. Kutamka ni kitu kingine. Waingereza wanatamka kwa irabu ndefu ya i, halafu wanafunga na k bila irabu mwishoni, na sisi kinywa chetu hakipendi kufunga neno kwa konsonanti, kwa hiyo tunatia i pale mwisho na inatoka Spiki. Hii si bahati mbaya, ndo njia ileile maneno mengine yalipita: lile neno lao la siku saba tumelifanya wiki, mkuu wa Bunge tukamfanya spika, na breki, keki, reki zote zimebeba i ya mwisho ambayo kwa Kiingereza haipo. Na hiyo sp mwanzoni haitusumbui siku hizi, spana, spea, spidi, springi tunazisema tu, ingawa wazee wengine bado utawasikia wakisema sipana, na hawajakosea kitu, wamefuata silabi za lugha yao.

Kwa hiyo ukiwa unamsoma mtu, sema Spiki. Ila usimchape mtoto aliyesema Spe-ke, na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Mtu tunayemzungumzia ni John Hanning Speke, kazaliwa 1827 Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, ndo yule aliyetoka pwani karibu na Bagamoyo mwaka 1857 akiwa na mpelelezi mwenzake Burton wakafika Ujiji, halafu yeye akapanda kaskazini akaliona ziwa lenu, Victoria, tarehe 3 Agosti 1858. Akarudi tena, safari hii na Grant, na Julai 1862 akafika pale mto Naili unapotoka ziwani, Jinja. John ni jina lake, Hanning la kati, Speke ni la ukoo. Na ukoo huo ulishakuwepo na jina hilo zaidi ya miaka 700 kabla yeye hajazaliwa.

Asili yake ni Espec. Ni Kifaransa cha zamani, kilichoingia Uingereza na Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066, na maana yake ni ndege: kigong'ota, yule anayegonga magogo kwa mdomo akitafuta wadudu. Yaani kuna mzee mmoja huko nyuma, labda alikuwa na pua ndefu, labda alikuwa hatulii, wenzake wakamwita Kigong'ota, na laqabu ikamganda yeye na watoto na wajukuu. Kwenye lile daftari kubwa la ardhi lililoandikwa 1086, Domesday Book, tayari yupo William mwenye jina hili, ana mashamba Bedfordshire. Na nduguye wa jina aliyevuma kuliko wote enzi hizo ni Walter Espec, bwana mkubwa wa Yorkshire, aliyetoa ardhi ya kujenga abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Rievaulx mwaka 1132 na akasimama vitani dhidi ya Waskoti mwaka 1138 karibu na Northallerton, vita ambavyo wao wanaviita vya Bendera.

Sasa sikiliza jinsi jina linavyopotea. Huyu Walter pamoja na mali yote ile alikufa bila mtoto wa kumrithi, ardhi ikaenda kwa dada zake watatu, na dada zake walishaolewa kwenye koo nyingine, watoto wao wakachukua majina ya baba zao. Basi, mali yake ikaendelea ila jina lake halikuendelea nayo. Watu wanadhani jina likiwa adimu ni kwamba ukoo ulikuwa dhaifu au maskini, hapana, mara nyingi ni hesabu tu ya watoto wa kiume. Kwa desturi ya Kiingereza jina lilipita kwa mwanamume peke yake, na ukoo uliotokana na mzee mmoja ukikosa wavulana vizazi viwili vitatu, kwisha. Smith hawezi kwisha kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina lilizaliwa mara mamia sehemu mamia. Kigong'ota alizaliwa mara chache.

Tawi lililobaki ni la kusini magharibi. Nje kidogo ya mji wa Exeter, Devon, kando ya mto Exe, kuna kijiji kinaitwa Brampford Speke, na hilo Speke la pili liliongezwa kwa sababu akina Espec ndo walikuwa wenye ardhi, kama sisi tunavyosema Kwa Fulani. Ukiingia kwenye kanisa kuu la Exeter utakuta kikanisa kidogo pembeni na sanamu ya Sir John Speke amelala juu ya kaburi lake, alikufa 1518. Wakati huo walishavuka mpaka na kuwa wakubwa Somerset pia, sehemu za Whitelackington na Dowlish Wake, karibu na mji mdogo wa Ilminster. Hapo katikati ndo nyumbani kwa jina hili. Wewe ukisikia mtu anaitwa Massawe au Mushi si unajua kabisa ni Kilimanjaro bila kuuliza? Ndivyo Mwingereza anayejua majina akisikia Speke anafikiria Somerset na Devon.

Na walilipia kuwa wakubwa. Mwaka 1685 Duke wa Monmouth alipoasi dhidi ya mfalme James wa Pili, nyumba ya Whitelackington ilikuwa upande wa Monmouth, uasi ukashindwa, na kijana wao Charles Speke akanyongwa hadharani palepale sokoni Ilminster. Inaniuma kila nikilisoma hilo. Baadaye, mwaka 1756, binti wa ukoo, Anne Speke, akaolewa na Lord North ambaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, na hapo tena ni kilekile cha dada za Walter: binti anaingia kwenye nyumba kubwa kabisa ya nchi, watoto wanaitwa North.

Mpelelezi wetu alitoka tawi dogo la haohao. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa anawinda, tarehe 15 Septemba 1864, siku moja tu kabla ya mdahalo wake na Burton mjini Bath kuhusu chanzo cha Naili, na wakamrudisha Dowlish Wake kuzikwa na wazee wake. London wamemjengea mnara wa mawe mekundu kwenye bustani za Kensington, umeandikwa jina lake na Victoria Nyanza na Naili.

Angalizo moja kabla sijasahau, maana ukitafuta intaneti utachanganyikiwa. Kuna Speke nyingine, ni mtaa wa Liverpool, pale uwanja wa ndege ulipo. Hiyo ni ya asili tofauti kabisa, ni neno la Kiingereza cha kale la vichaka na vijiti, kwenye daftari la 1086 imeandikwa Spec, na ile nyumba yao maarufu ya mbao, Speke Hall, ilikuwa ya ukoo wa Norris wala si wa akina Speke. Herufi ni zilezile, mizizi miwili, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Upande mwingine kuna majina yaliyoandikwa tofauti ambayo ni ndugu: Speck, Speak, Speake. Na kule Yorkshire wapo Speight, nao pia jina lao ni kigong'ota ila limepitia njia ya lugha za Kijerumani badala ya Kifaransa. Kwa hiyo ndege mmoja ana koo kadhaa.

Haya, turudi kwa watoto wako. Hiyo Espec ya Walter haikutamkwa i hata kidogo. Ilikuwa e, hiihii e ya kwetu, ya pete na ya ndege. Baadaye jina likapoteza E ya mbele, waandishi wakabandika e nyuma kuonyesha kwamba irabu iliyotangulia ni ndefu, ikawa Speke, na bado watu walisema e. Kilichotokea ni kwamba kati ya miaka ya 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama zote, moja inasukuma nyingine, e ndefu ikapanda ikawa i, a ndefu nayo ikapanda, na maandishi yalishaanza kuganda kwa hiyo hayakufuata. Ndo maana Kiingereza kinamtesa mtoto wa Kiswahili kwenye kusoma, anasoma kilichoandikwa wakati matamshi yalishahama. Mwanafunzi wako wa Magu anaposema Spe-ke, ile e ya kwanza anaitamka karibu sana na walivyoitamka wenye jina zamani kabla irabu hazijahama. Mwambie hivyo darasani. Halafu mwambie kwamba mpelelezi mwenyewe, karne ya 19, aliitwa Spiki, na jina la mtu tunalitamka jinsi alivyoitwa.

Ghuba je? Hapa mi naona tofauti, na najua wenzangu wengine watanipinga. Jina la mahali ni mali ya watu wanaopaita. Ile ghuba aliibatiza Stanley mwaka 1875 alipolizunguka ziwa kwa mashua, kwa heshima ya mwenzake aliyekwishafariki, lakini wanaoitaja kila siku ni wavuvi wa Magu, Bunda na Ukerewe, na wao kama wanasema Spe-ke basi hilo ndo jina lake kwa Kiswahili. Vilevile Mlima Speke kule Rwenzori, mita 4,890, ambao yeye hata hakuwahi kuukanyaga. Na nzohe, yule swala wa kwenye matete, kwa jina la kisayansi anaitwa Tragelaphus spekii, na hiyo ni Kilatini, inasomwa silabi kwa silabi.

Sarufi sasa, haraka. Jina halina ngeli yake, linafuata kinachotajwa au kilichofichika nyuma yake. Speke alifika, ni mtu. Speke imechafuka leo msitoke, hapo mvuvi anaongelea ghuba, i-zi. Speke umefunikwa na theluji, ni mlima. Wakiwa wengi ni akina Speke, usiseme maSpeke wala waSpeke, na ukihesabu sema akina Speke wawili. Usilibandike -ni pia, hakuna Spekeni, ni kwa Speke kama ni mtu, au kwenye Ghuba ya Speke kama ni maji.

Na neno la kuita hicho kitu chenyewe: sema jina la ukoo. Kamusi zina ubini pia, linatokana na bin ya Kiarabu, mwana wa, ila mi nalikwepa kwa sababu kubini ni kughushi na mtu akisoma "ubini wake" anaweza kuelewa vibaya. Halafu usichanganye na jina la baba. Kwenye fomu zetu wengi tunajaza la kwangu, la baba, la babu, na hilo la mwisho linabadilika kila kizazi, mjukuu wako hatakuwa nalo. Jina la ukoo halibadiliki. Pwani wapo nalo, Mazrui, Busaidi, Maawy, ukilisikia unajua nyumba. Speke ni la aina hiyo.

Ukifika kwenye somo hilo mwalimu, naomba umtaje na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani mpaka India, akarudi, akawaongoza hawa watu bara nzima. Speke aliongea naye Kihindustani kwa sababu Kiswahili hakikumkaa. Jina la Bombay nalo lilianza kama laqabu, mji alikotoka ukawa jina, sawasawa na kigong'ota alivyokuwa Espec. Waandikie wanafunzi yote mawili ubaoni, Speke na Bombay, waulize lipi ni la ukoo na lipi la mtu mmoja.