Maswali ya Wasomaji: Mawe, Fuwele na Visukuku vya Pwani

SWALI: Bwana Mhariri, salaam. Ufukweni kwetu jua likipiga, mchanga humeta rangi ya dhahabu, na vijana wameanza kuujaza chupani wakitumaini utajiri. Je, ni dhahabu kweli? Na anayeanza kujifunza madini aanzie wapi? — Msomaji, Mambrui

JIBU: Si dhahabu, ni ulanga, madini yanayokua kwa matabaka membamba yaliyolaliana mithili ya kurasa za kitabu, na kila tabaka hurudisha mwanga wa jua. Ulanga huo haukuzaliwa pwani. Umeletwa na mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Galana na kabla ya hapo Athi, na ambao hupita katika miamba ya kale sana ya upande wa Tsavo, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo wa chini ya ardhi. Vijana wakitaka kuhakikisha, wachukue punje moja inayometa, waiweke juu ya kipande cha kigae na kuidunga kwa ncha ya sindano: ulanga hubanduka vigamba, ilhali dhahabu, kwa kuwa ni laini, hubonyea bila kupasuka. Tena dhahabu ina uzito wa takriban mara 19 kuliko maji ya ujazo huo huo, na ulanga mara 3 hivi, kwa hiyo mchanga ukizungushwa katika sinia lenye maji, vigamba vya ulanga huinuka na kuchukuliwa na maji, jambo ambalo dhahabu haiwezi kulifanya kwa urahisi.

Kuhusu pa kuanzia, ningekushauri uviache vito vya thamani na uanze na chumvi, kwani mashamba ya chumvi ya Gongoni hayako mbali nawe. Tafuta chumvi ya mawe ambayo haijasagwa, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona michemraba yenye pembe mraba, na ukivunja mmoja, vipande vyake navyo vitakuwa na pembe mraba, kwa sababu chembe zake za sodiamu na klorini zimejipanga kwa safu zisizopinda tangu ndani kabisa. Mpangilio huo ndio unaoifanya iitwe fuwele, wala si kung'aa kwake, maana chupa iliyovunjika hung'aa pia na si fuwele. Maji ya chumvi yakikauka polepole kivulini hutoa fuwele kubwa, na yakikaushwa motoni hutoa vumbi jeupe tu. Baada ya hapo jifunze kipimo cha ugumu alichokibuni mtaalamu wa madini Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachoanzia 1 kwa talki, madini laini ya kutengenezea poda, hadi 10 kwa almasi. Ukucha wako una kama 2.5 na kwatzi, madini magumu yapatikanayo kwa wingi mchangani, 7, ndiyo sababu punje ya kwatzi hukwaruza kioo cha dirisha.

SWALI: Nilipokuwa nikibandua lipu ya ukuta wa nyumba ya marehemu babu, niliona jiwe lenye alama za nyota ndogo ndogo zilizopangika. Fundi aliniambia ni tumbawe tu. Mwanangu anasema ni kisukuku. Nani yuko sahihi? — Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Huenda wote wawili, mama, maana kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhika mwambani. Kila nyota ni kikombe alimoishi mnyama mdogo wa tumbawe, na mistari yake ni kuta za chokaa alizojijengea kutokana na maji ya bahari. Lililobaki ni umri. Mawe mengi ya kujengea yanayochimbwa nchi kavu, kama yale ya Maweni kisiwani Manda, ni ya miamba iliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na hayo ni visukuku bila shaka yoyote; mwamba wa namna hiyo ndio unaobeba Nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi. Lakini mafundi wa zamani walikata pia tumbawe bichi kutoka baharini, kwa kuwa lilikuwa laini na rahisi kuchongwa kabla halijakauka, nalo ni la juzi tu kwa hesabu ya wanajiolojia, ambao kwa kawaida hawaiti kitu kisukuku mpaka kipite miaka 10,000 hivi.

Litazame kwa karibu. Tumbawe la baharini ni jepesi, na matundu yake ni matupu. Katika jiwe la kale maji ya mvua yameyeyusha sehemu ya chokaa na kuijenga upya kuwa kalsaiti, yaani fuwele za chokaa, hivyo mara nyingi utakuta matundu yamezibwa na fuwele ndogo zinazometa ukiligeuza penye mwanga. (Hapo mwanao anapata kisukuku, madini na fuwele katika jiwe moja, na sioni somo bora kuliko hilo.) Mkwangulie unga kidogo, adondoshee siki au ndimu, na utachemka kwa mapovu kwa kuwa asidi hufukuza hewa ya kaboni dayoksaidi, unga wa kwatzi hautafanya hivyo. Ila mkwangue kipande kilichokwisha kuanguka, msiutoboe ukuta.

SWALI: Naweza kuokota vitu hivi na kuwauzia watalii? — Kijana, Watamu

JIBU: Hapana. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuchukua tumbawe wala kombe, hata lililokufa. Visukuku navyo vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, na kuvipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Ukikutana na mfupa uliogeuka jiwe, uache ulipo, upige picha ukiwa na sarafu pembeni ili ukubwa wake ujulikane, uandike mahali ulipouona, kisha uwaarifu watu wa makumbusho, kwa sababu kisukuku kilichong'olewa bila kumbukumbu ya tabaka lake hakiwezi tena kuwaambia wataalamu umri wake.