Simu iko Dar, mzee yuko Machame: majibu kwa wanaouguza wenye ugonjwa wa kusahau

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu miaka sita ya kumuuguza mama yangu, nyumbani kwetu Moshi, akiwa na demensia, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita wa kusahau. Nilitaja kwa kupita kwamba siku hizi kuna mafunzo ya bure kwenye intaneti, ya wanaouguza na ya wahudumu wa afya. Meseji nyingi zilizoingia tangu hapo zinahusu maneno yale machache. Nimechagua nane, nikazifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu.

Shikamoo Sista. Mama yetu ana miaka 78, yuko Machame na mke wa kaka. Mimi niko Dar. Mafunzo uliyoyataja nimeyapata, lakini shemeji ana kitochi na hana muda wa kusoma. Nimnunulie simu janja?

Marahaba mwanangu. Ukiweza mnunulie, ila usitegemee simu imfundishe peke yake. Mafunzo yale yanaitwa iSupport. Yaliandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watu kama shemeji yako hasa. Yana sehemu tano na masomo 23: ugonjwa wenyewe, kazi ya kuuguza, kujitunza wewe unayeuguza, shughuli za kila siku, na tabia zinapobadilika. Masomo ni mafupi, yana visa vya familia na mazoezi ya kujipima. Kuna pia kitabu chake cha mwaka 2019 unachoweza kupakua na kuchapisha.

Karibu kila barua niliyopokea ina jambo hili: mwenye bando siye mwenye mzee. Wewe una intaneti, una Kiingereza, na jioni yako ina nafasi. Shemeji ana mama. Basi soma wewe, lakini usimtumie viunganishi. Mpigie. Muulize kwanza yeye ameshindaje, halafu muulize ni kitu gani kimemshinda wiki hii. Akisema kuoga, soma somo la usafi usiku huo, kesho mweleze kwa maneno ya nyumbani kwenu. Keshokutwa piga tena kuuliza imekwendaje.

Nimetaja kuoga kwa sababu ndiko nilikoshindwa mimi mwenyewe, na uuguzi wangu wote. Nilikuwa namvua mama nguo zote kwa mara moja, kama tulivyozoea wodini, namwagia maji kuanzia kichwani. Alinipiga, alining'ata. Nilipojifunza, nikamwachia kanga yake mwilini. Maji ya vuguvugu nikayaweka kwenye beseni, nikautumbukiza mkono wake kwanza auonje ule uvuguvugu, nikampa kitambaa akishike yeye, tukaanzia miguuni. Kichwa tukakiachia siku nyingine. Siku ya kwanza tuliyomaliza bila kelele nilikaa kwenye kigoda pale pale bafuni nikalia, maana nilikuwa nimemwogesha kwa ugomvi miezi minane.

Na hela ya sabuni na pampasi za wakubwa utume bila kusubiri kuombwa.

Bibi yangu alikuwa anasahau kidogo kidogo. Tangu juzi hatambui mtu, analala mchana kutwa, usiku anaona wadudu ukutani. Kliniki yake ni Jumatatu. Tusubiri?

Msisubiri, mpelekeni hospitali leo. Kusahau kwa demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mtu akibadilika ndani ya saa au siku mbili tatu, mara nyingi kuna kitu kingine juu yake: UTI, nimonia, malaria, kukaukiwa maji, sukari kushuka, au dawa mpya. Mengi ya hayo yanatibika, lakini kuchelewa kunaua. Bebeni dawa zote anazotumia, hata za kienyeji, ndani ya mfuko mmoja.

Niko Sakina, Arusha. Mume wangu, miaka 71, alikuwa seremala. Kila ikifika saa kumi na moja jioni anataka kwenda nyumbani, na nyumbani ndipo alipo. Nikimwambia hapa ndipo kwako, anakuwa mkali. Niliiuliza programu ya akili bandia kwenye simu, ikanitajia dawa ya kutuliza. Duka la jirani wanayo. Nimpe?

Usimpe, dada yangu. Dawa za kutuliza za kundi la haloperidoli humwongezea mzee mwenye demensia hatari ya kiharusi na ya kifo, na kuna aina ya demensia ambayo dawa hizo humkakamaza mgonjwa vibaya sana. Daktari anaweza kuziandika, kwa kiasi kidogo na muda mfupi, pale mtu anapohatarisha maisha yake au ya wengine. Ile programu haijamwona mumeo. Haijui presha yake, haijui kama ana siku nne hajapata choo, haijui ni nini kingine anameza. Hata Piriton, ambayo sisi tunaimeza kwa mafua bila kuwaza, inaweza kumchanganya zaidi. Itumie simu hiyo kukusaidia kupanga maswali ya kumuuliza daktari. Hapo inafaa.

Sasa hilo la jioni. Giza linapokaribia, wengi wao huingiwa na wasiwasi. "Nyumbani" anakotaka kwenda huenda ni kwa mama yake, mwaka ambao wewe hujamjua bado, na kubishana naye ni kumwambia kwamba mama yake hayupo. Muulize: kwenu kukoje? Mlikuwa mnakula nini jioni? Toka naye hadi getini, mzunguke, mrudi. Taa ziwashwe kabla giza halijaingia. Na kwa kuwa alikuwa seremala, jaribu hivi: saa kumi kamili, kabla wasiwasi haujaanza, mpe kipande cha mbao na msasa. Usimpangie cha kutengeneza. Mikono ile inakumbuka mengi ambayo kichwa kimeyaacha.

Kuna tangazo Facebook la dawa lishe inayorudisha kumbukumbu ndani ya siku 30, laki mbili na nusu. Umeisikia?

Nimezisikia nyingi. Hakuna dawa inayoponya demensia, wala ya hospitali. Zipo kama donepezili zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa wa Alzaima, aina ya demensia inayoonekana zaidi, kwa muda, na hizo huandikwa na daktari. Laki mbili na nusu ni mshahara wa msaidizi wa kumshika mkono mzee wakati wewe unalala. Inauma kuona watu wanavuna kwenye kilio cha wenzao.

Mimi ni muuguzi wa zahanati wilayani Hai. Wazee wanaletwa, ndugu wanasema "uzee tu". Daktari bingwa yuko mbali. Kuna chombo gani cha kwenye simu kinachonifaa?

Mdogo wangu, uko kwenye wilaya ambayo madaktari wa nje wanaisoma vitabuni. Katika miaka ya 2009 na 2010 watafiti walipita vijiji vya Hai, wakakuta kwamba kati ya kila wazee 100 wenye miaka 70 au zaidi, takriban sita wana demensia. Katika kazi iliyofuata hapo hapo kikapatikana kipimo kinachoitwa IDEA, kilichotungwa kwa ajili ya mzee ambaye hajawahi kushika kalamu. Vipimo vingi vya Ulaya humwambia achore saa au aandike sentensi, akishindwa anaonekana mgonjwa kumbe hakusoma. IDEA inamtaka ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, akumbuke orodha ya maneno, apange njiti za kiberiti kama ulivyopanga wewe. Unahitaji kiberiti na dakika chache tu. Nimeona mzee wa miaka 80 akizipanga njiti zile kwa umakini kama anayepanga miche ya kahawa, na mwanawe pembeni hapumui.

Chombo cha pili ni mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia magonjwa ya akili na ya ubongo. Toleo la pili lilitoka 2016, na upo kama programu ya simu, bure. Umeandikwa kwa mhudumu asiye bingwa. Sehemu ya demensia inakuongoza swali kwa swali: tatizo limeanza lini, limemzuia kufanya nini alichokuwa akikifanya, kuna kitu kingine kinachofanana nalo? Hapo usipite haraka. Sonona kwa mzee hufanana sana na kusahau. Vivyo hivyo upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, VVU, kaswende. Mwongozo huo unakutaka pia umuulize aliyemleta anaendeleaje yeye. Mwombe dakika mbili nje ya chumba, maana mbele ya mzee hatasema.

Unapoutumia, mweleze mzee kwamba unasoma mwongozo wa kazi, asidhani unachati huku yeye anaongea.

Ukipata wazee watano sita walio mwanzoni mwa ugonjwa, fikiria mazoezi ya kikundi ya kuchangamsha akili. Yamejaribiwa huko huko Hai, vipindi 14 kwa wiki saba: kuimba, kutambua vitu vya zamani, kuzungumzia vyakula. Uwezo wa kufikiri na ubora wa maisha ya waliohudhuria viliongezeka. Mbege haikuwa kwenye ratiba, lakini hadithi za mbege sidhani kama zilikosekana.

Shangazi yangu anaongea na kioo. Mtoto wangu alimrekodi, video imefika kwenye makundi matatu ya WhatsApp. Watu wanacheka, wengine wanasema karogwa.

Ombeni ifutwe, mmoja mmoja, kwa simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini kabla ya sheria kuna shangazi, ambaye angekuwa na akili zake angeuliza nani kakuruhusu. Mtoto usimchape. Mweleze kwamba shangazi anamwona kiooni mtu asiyemjua, na hilo linatisha. Kioo kifunikeni kwa kitenge. Na kurogwa hakumo. Ni ubongo unaougua, kama moyo unavyougua.

Mimi ni mkwe, Kibosho. Nimemuuguza mama mkwe miaka minne. Mawifi wako Arusha na Dar, wananitumia video za namna ya kumlisha. Juzi nilimfokea mama, kisha nikajifungia chooni. Naogopa nitamfanyia kitu.

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara nne. Umefanya vizuri kuisema hofu hiyo. Ukihisi hasira inapanda, hakikisha mama amekaa salama, toka nje, vuta pumzi, rudi. Chakula kikichelewa nusu saa hakuna atakayekufa. Ile sehemu ya tatu ya iSupport, ya kujitunza, anza nayo kabla ya nyingine zote. Kama hulali, huli, au unawaza kufa, hilo ni la daktari, na nenda nalo kwa jina lako, usilifiche ndani ya kadi ya mama.

Sasa mawifi. Niruhusu niwaandikie wao moja kwa moja, wewe wasomee: kundi lenu la WhatsApp ligeuzeni kuwa ratiba. Badala ya video, kila mmoja aandike tarehe atakayokuja kulala na mama, usiku mzima, yeye na pampasi. Asiyeweza kuja alipe msaidizi siku hizo. Mmoja ashike kliniki, na akifika ampeleke dirisha la wazee. Kumbukeni pia kwamba Krismasi mnakuja wote, nyumba inajaa, mama anachanganyikiwa na sura nyingi, na huyu anapika kwa watu 20. Mwaka huu mpeni wiki nzima ya kwenda kwao. Nilikuwa na ndugu watatu nilipomuuguza mama yangu, na aliyenisaidia zaidi ni yule ambaye hakuwahi kunishauri chochote. Alikuja Jumamosi, akaninyang'anya beseni.

Mama yangu ameacha Kiswahili. Anaongea Kichagga tu, kile cha zamani. Mafunzo yote niliyoyaona ni ya Kiingereza au Kiswahili. Sisi wanawe tuliozaliwa mjini tunakielewa nusu. Kuna programu ya Kichagga?

Programu hiyo mtaitengeneza ninyi. Lugha ya kwanza mara nyingi hudumu hata nyingine zikishaondoka, na mama anakwenda mahali ambako ninyi hamna maneno. Mtafuteni mzee wa rika lake anayekijua vizuri, jirani au mama wa kanisani, mpeni chai, mfungulieni kinasa sauti cha simu. Muombeni aseme taratibu maneno ya siku nzima: umeamkaje, twende tukaoge, unaumwa wapi, kula kidogo, usiogope niko hapa. Andikeni tafsiri pembeni, mjifunze kuyatamka. Kisha muombeni aimbe nyimbo walizoimba wakiwa wasichana. Mpigieni mama wimbo mmoja kwa sauti ya chini jioni, redio ikiwa imezimwa, mmoja wenu akiwa amemshika mkono, na muangalie midomo yake.