ANA chanya 1:80 peke yake si lupasi

Dada, kabla hujameza kidonge cha kwanza cha steroidi ya prednisoloni, rudi ukamwulize huyo daktari ameona nini kingine zaidi ya ANA, kile kipimo cha damu cha kingamwili zinazolenga kiini cha seli. Umeandika una uchovu, viungo vinauma, ANA 1:80 ya madoadoa (ndivyo seli zinavyoonekana chini ya darubini), na tayari umeambiwa ni lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Hata mkojo hujapimwa! Mimi niliponzeka hapo hapo.

Karatasi yangu ilikuwa na mstari mmoja uliozungushiwa wino mwekundu: "ANA: chanya 1:80". Daktari aliutazama ule mstari, mimi hakunitazama. Hakuuliza kama nina vidonda mdomoni, wala kama jua linanitoa vipele. Hakuminya kiungo hata kimoja. Nikameza steroidi miezi minane. Uso ukavimba, sukari ikapanda, usiku nakodolea dari macho makavu. Uchovu uko pale pale, kwa sababu shida ilikuwa tezi ya shingo: kingamwili zangu zilikuwa zinaishambulia, na mwenye ugonjwa huo anaweza kutoka na ANA chanya vilevile. Kipimo cha TSH tu, homoni ya damu inayoiamuru tezi hiyo, kingeonyesha. Yule daktari sijamsamehe. Kumwambia mtu ana lupasi bila kumgusa ni uzembe.

Hiyo 1:80 maana yake seramu yako ilizimuliwa mara 80 na bado seli za kipimo ziking'aa chini ya darubini. Chukua watu wazima 100 wenye afya zao: kama 13 watang'aa kwa kiwango hicho. Kwa 1:160 watabaki kama 5. Vigezo vya lupasi vya mwaka 2019 vinaichukua 1:80 kama tiketi ya kuingilia tu. Ukishaingia, dalili na vipimo vingine vinahesabiwa alama mpaka zifike 10, na angalau kimoja kiwe cha mwilini, si cha maabara pekee.

Dalili kwanza, ANA baadaye. Shika hilo. Dai upimwe protini kwenye mkojo, picha kamili ya damu, anti-dsDNA na anti-Sm (kingamwili za lupasi hasa), C3 na C4 (protini za kinga ambazo lupasi huzishusha), na hiyo TSH. Kurudia ANA yenyewe ni kutupa hela, haipandi na kushuka pamoja na ugonjwa.

Anza na mkojo, wiki hii hii. Lupasi ya kweli hula figo kimya kimya, na ikikutwa protini usibishane na dawa. Na kama ulishazianza hizo steroidi, usizikate ghafla. Daktari akupunguzie kidogo kidogo.