Kuhamishia mchoro wa tona kwenye shaba iliyopinda: ipashe shaba, siyo karatasi

Namna yenyewe ni hii: mchoro unaprintiwa kwenye karatasi kwa tona (unga wa printa ya leza), joto linauhamishia kwenye shaba, afu dawa inachimba pale pasipo na tona. Wengi wanaotaka bangili ya shaba yenye mchoro wanaikunja kwanza afu ndo wanaanza kuhangaika na pasi juu yake, sasa pasi ni bapa na bangili imepinda, inagusa mstari mmoja tu katikati, pembeni tona haijashika, ukibandua karatasi mchoro umetoka nusu. Kama hujaikunja bado, ihamishie mchoro ikiwa bapa, ichimbe na dawa, halafu ndo uikunje taratibu kwa nyundo ya mbao juu ya bomba. Mistari haipotei.

Ila kuna kazi hazina namna, mfano kipande cha bomba la AC ulichopata kwa fundi friji. Hapo elewa kwanza kwamba tona ni unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto, ndo maana tunatumia printa ya leza au fotokopi, ile printa ya wino wa maji haifai. Na shaba inasafirisha joto haraka mno, ukipasha karatasi kwa juu lile joto lote linamezwa na bomba kabla tona haijanata. Kwaiyo pasha shaba yenyewe, iweke kwenye jiko la umeme moto wa wastani, ishike na plaizi, afu viringisha karatasi na ukandamize kwa kijiko cha mbao toka katikati kwenda pembeni.

Karatasi iwe nyembamba ya kung'aa kama za majarida, na uikate vipande vyembamba, maana karatasi pana kwenye mpindo wa pande mbili lazima ijikunje. Mimi napenda pindo la kanga, zile korosho zinakatika vizuri bila mtu kuona kiungo. Ukitaka na jina la kanga, waambie stationery waligeuze kama kwenye kioo kabla ya kuprinti, la sivyo litasomeka kinyume!

Usafi ndo roho ya kazi yote. Kabla ya kuipasha shaba, msasa laini, sabuni ya vyombo, mwisho asetoni (dawa ya kuondoa mafuta), na baada ya hapo usiguse kwa kidole, na joto hili la Dar vidole vina jasho muda wote. Ukishakandamiza karatasi na shaba ikapoa, iloweke kwenye maji, sugua karatasi kwa dole gumba mpaka ibaki tona tupu, palipokatika jazia na makapeni, na mgongo na ndani ya bomba paka rangi ya kucha ili dawa isichimbe hapo.

Feriki kloraidi, ndo ile dawa ya kuchimba shaba, tumia kwenye chombo cha plastiki, glavu na miwani vaa, ning'iniza kipande uso ukiangalia chini ili uchafu udondoke wenyewe. Ikitumika usiimwage kwenye sinki wala mtaroni, ina shaba inayoua samaki na mitaro yetu mingi inaingia mto Msimbazi mpaka baharini. Irudishe kwenye chupa ya plastiki, andika jina juu, weka mbali na watoto, itachimba vipande vingine vingi tu.