Maswali na Majibu: Shaba ya Katanga

Shuleni tulifundishwa kwamba uchimbaji wa shaba Katanga, kusini mwa Kongo, ulianzishwa na Wabelgiji. Je, ni kweli?

Si kweli, na ushahidi umo ardhini. Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, wenyeji walichimba jiwe la kijani lenye shaba liitwalo malakiti wakati wa kiangazi, mashimo yakiwa makavu na kazi za shamba zimepungua, kisha wakaliyeyusha kwa mkaa wa miti katika tanuru dogo la udongo wa kichuguu, huku mivukuto ya ngozi ikipuliza hewa bila kukoma. Shaba ilimiminwa katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha. Mingi imefukuliwa makaburini huko Sanga, katika bonde la Upemba. Wataalamu wa Kizungu waliokuja baadaye hawakuhitaji kubahatisha, kwa kuwa mashimo ya kale ndiyo yaliyowaonyesha pa kuchimba. Hata mgodi wa Étoile, wa kwanza wa kampuni ya Union Minière, wenyeji walikwisha kuuita Kalukuluku.

Babu yangu ni Msumbwa, naye husema kwamba Msiri alitoka kwetu. Alihusikaje na shaba?

Babu yako hakukosea. Msiri alitoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, akajenga makao yake Bunkeya na kuitawala biashara ya shaba, ya pembe za ndovu na, tusifiche, ya watumwa. Watu wake, Wayeke, walisifika kwa kuvuta shaba iwe nyuzi nyembamba za kusukia vikuku. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, milki ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mbona shaba yake ya kwanza ilitoka mwaka 1911?

Ilikuwa ikingoja reli. Mzigo wa madini haubebeki kichwani hadi pwani, na tanuru kubwa la kisasa halitosheki na mkaa wa miti. Reli kutoka kusini, kupitia Rhodesia (Zimbabwe na Zambia za leo), ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kwa njia hiyo hiyo yakaletwa makaa ya koki, yatokanayo na makaa ya mawe, kutoka Wankie, huko huko Rhodesia. Tanuru likatoa shaba tarehe 30 Juni 1911. Kwa hiyo kiwanda cha Kibelgiji, kwa miaka yake ya mwanzo, kiliishi kwa makaa ya himaya ya Waingereza, jambo ambalo, kwa maoni yangu, husahauliwa mno.

Ule mlima mweusi ulio kando ya dohani la Lubumbashi ni nini?

Ni takataka za tanuru, ambazo wahunzi wetu wangeziita mavi ya shaba. Matanuru ya zamani yaliacha humo kobalti nyingi, metali yenye thamani, ndiyo maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mlima huo umekuwa ukimegwa na kuyeyushwa upya.