Kwa nini mchungaji aliona pepo na padri akaona ugonjwa

Ndugu uliyeuliza ni kwa nini mchungaji wako anasema dada yako anayesikia sauti amepagawa na pepo, huku padri akisisitiza apelekwe hospitali, nakujibu kwa yale yaliyompata mdogo wangu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda.

Mchungaji wetu, Mkongomani kama sisi, amelelewa mahali ambapo mtu akibadilika ghafla, watu huuliza kwanza ni nani aliyemtenda. Alifunga pamoja nasi, akakesha akimwombea, na ndiye pekee asiye wa familia aliyekubali kulala chumba kimoja na mgonjwa. Lakini aliagiza dawa ziachwe, akiamini kuzimeza ni kukosa imani, nami nikazitupa kwa mkono wangu. Wiki chache baadaye mdogo wangu alikataa kula, akidai chakula kimetiwa sumu, tukamfikisha hospitali mjini Mbarara akiwa amefungwa kamba. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Padri, mtu wa Ulaya, alimtazama kidogo tu akatuelekeza kliniki. Sheria ya Kanisa lake, kanuni ya 1172, hairuhusu padri kumpunga mtu pepo bila idhini ya wazi ya askofu, na ibada yenyewe, iliyotolewa upya mwaka 1999, inamwonya asidhani kila mgonjwa wa akili amepagawa. Alikuwa sahihi, ila hakuuliza kijana huyu alishuhudia nini vitani.

Aliyeuliza ni katekista Mwacholi, mtu wa kaskazini mwa Uganda, tuliyemkuta wodini. Kwao, aliyeua au aliyepita juu ya maiti vitani huweza kuandamwa na cen, roho ya marehemu, na wazee humtakasa. Hakutulazimisha tuamini hayo. Alisikiliza tu, na kwa mara ya kwanza mdogo wangu alisimulia habari za barabara tuliyokimbilia. Shehe kutoka Bombo, aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili, alimsomea mgonjwa wake Kurani, kisha akamkumbusha hadithi ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, akamshikia kikombe cha maji ameze vidonge.

Kwa hiyo, muulize mchungaji wako kama atamwombea dada yako huku akiendelea na dawa. Akikataa, mpeleke hospitali kwanza, hasa akiwa na homa, kwani hata malaria kali huvuruga akili. Mchungaji wetu nilirudi kwake nikamweleza yote. Sasa yeye ndiye anayemkumbusha mdogo wangu tarehe ya sindano yake ya kila mwezi, na humsindikiza hadi kituoni.